Mwalimu wa Pampu za Rangi

Mtu wa kwanza kunikataza kusema neno bunduki alikuwa Mwalimu, na alinikataza huku ameishika mkononi.

"Hii ni pampu," akasema. "Inasukuma rangi. Ukilisema tena hilo neno lako, Binti, utakwenda kulisemea huko nje kwa mbuzi."

Ilikuwa wiki yangu ya kwanza kazini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo yamekuja ya kawaida tu, na nyumbani Ujiji walishaanza kuniuliza kila asubuhi leo ninaenda wapi. Shangazi yangu wa Tabora alikuwa ametuma ujumbe kwamba anahitaji msichana wa kumsaidia nyumbani, na mama alikuwa anaurudia ule ujumbe kila nikikaa chini. Kwa hiyo nilipopata nafasi kwa Bosi, kwenye uwanja wake wa pentiboli ufukweni, mbele kidogo ya Kibirizi, sikuuliza mengi. Ningekubali hata kufuga mamba.

Pentiboli yenyewe ni hivi: watu wanagawanyika makundi mawili, wanavaa vinyago vya kufunika uso mzima, wanajificha nyuma ya matairi na mapipa, wanarushiana vidonge vya rangi. Kikikupata kinapasuka, umechafuka, umetoka. Basi, hakuna zaidi. Vifaa vyake Bosi alivipata kwa mzungu mmoja aliyekuwa anahudumia wakimbizi, siku alipokuwa anafunga mizigo arudi kwao, maana kambi zilishaanza kupungua watu. Bosi ni mama wa hapa hapa Kigoma, zamani alikuwa anapeleka maharage kambini kwa malori. Kambi zikipungua, maharage yanapungua. Akaona bora auze rangi.

Mwalimu alikuwa anafundisha fizikia sekondari. Mimi hakunifundisha, mimi nilisoma shule nyingine, lakini hiyo haikumsaidia mtu yeyote, maana kila mtu alimwita Mwalimu tu, kuanzia Bosi mpaka mwenyekiti wa mtaa ambaye kiumri ni kaka yake. Serikali ilimtoa Mtwara, mwisho mmoja wa nchi, ikamleta mwisho mwingine. Alikuwa analalamikia jambo hilo kila Jumamosi. Dagaa wetu ni wadogo mno, vilima vyetu ni vingi mno, ziwa letu halina chumvi, sasa mtu akioga anajuaje kama ameoga baharini? Alikuwa anasema mwaka ujao anaomba uhamisho. Wenzake wote walioletwa naye waliomba, wakaondoka. Yeye alibaki Rusimbi, chumba kile kile, akilalamika.

Alikuja kwetu siku za mapumziko kutengeneza pampu, na alikuja na tai. Shuleni, nimeambiwa, havai tai. Kwetu alivaa. Nestori alimwuliza siku moja kwa nini. Nestori ndiye aliyekuwa mwenzangu pale uwanjani, kijana wa Kirundi, wazazi wake walikimbia vita zamani wakapewa uraia, wamejenga juu ya njia ya kwenda Kibirizi.

"Shuleni wananijua," Mwalimu akamjibu. "Huku mtu akinikuta nimeshika kitu cha namna hii bila tai, atakimbia."

Kulikuwa na neno moja alilolisema kuliko yote. Ukimletea pampu mbovu, hata hajaitazama, anasema: "Nionyeshe betri." Si kwamba umwambie umeitoa. Uiweke mezani aione. Hapo, akijua haiwezi kupiga, ndipo mikono yake inatoka mfukoni. Lile neno lilimzidi, likawa la kila kitu. Siku moja Bosi na muuza vinywaji waligombana mbele yake, wanapigiana kelele mpaka wateja wanageuka. Mwalimu akaingia katikati akasema, "Nionyesheni betri kwanza." Bosi akacheka mpaka akakaa chini, ugomvi ukaishia hapo.

Na alikuwa na bao. Bao la kuchezea, la mbao, la mashimo. Kucheza hakuwa anajua hata kidogo. Wazee wa Ujiji walikuwa wanamfunga huku wanaongea habari nyingine. Yeye alilitumia kuwekea skrubu. Akifungua pampu, skrubu ya kwanza shimo la kwanza, ya pili shimo la pili, mpaka pampu yote iko kwenye bao imelala kwa mpangilio. Wakati wa kufunga anarudi nyuma shimo kwa shimo. Ole wako upite ukaligonga.

Bodi za zamani zilikufa kwa unyevu wa ziwa. Bodi ni ile sakiti ndogo inayokaa ndani ya mshikio wa pampu; ndiyo inayoiambia valvu ifunguke lini na ijifunge lini. Zetu zilianza kuota ukungu wa kijani kwenye miguu ya vyuma, pampu inakataa, au inapiga yenyewe ikiwa imelala mezani. Bosi akaagiza mpya, za kisasa zaidi, kwa mpwa wake Dar, zikaja na basi ndani ya boksi la biskuti. Kulikuwa na karatasi ya maelekezo yenye herufi za kusomea na miwani miwili.

Mwalimu akaisoma yote. Akamaliza, akaigeuza, akaanza tena.

Mimi sina huo moyo. "Mwalimu, si ni kuchomoa hii na kuchomeka hii?"

"Unachomoa nini, Binti?"

"Hii."

"Umeshika waya. Ukivuta waya unabaki na waya. Shika kichwa cha plagi. Na umegusa bomba?"

Hilo lilikuwa jambo lake jingine. Kabla ya kugusa bodi mpya ilibidi ukaguse bomba la maji nje, kwa sababu mwili wa mtu una umeme mdogo ambao husikii, ila bodi inausikia na inakufa.

"Mwalimu," Nestori akasema, "kwetu umeme nguzo hazijafika. Mimi ninao mwilini?"

"Unao."

"Basi niunganishie mama taa."

Tulikwenda tukagusa bomba, tunacheka. Tukarudi. Tukatoa mtungi wa hewa, tukapiga pampu mpaka pumzi yote ikaisha, tukatoa betri ikaonekana, tukafungua mshikio. Bodi ya zamani ikatoka. Mpya ikakaa mahali pake, plagi ya valvu ikaingia, plagi ya macho ikaingia. Macho ni vitu viwili vidogo vinavyotazamana pale kidonge kinapokaa: kimoja kinatoa mwanga, kingine kinaupokea. Mwanga ukikatika, bodi inajua kidonge kipo, inaruhusu. Usipokatika, bodi inasubiri. Nilimpenda yule aliyebuni kitu hicho. Nilimchukia wakati wa kufunga, kwa sababu zile waya za macho ni nyembamba kama nywele, na ukifunga mshikio kwa haraka zinabanwa. Mimi nilifunga kwa haraka. Taa ikaanza kupepesa.

"Fungua," akasema.

Nikafungua. Nikafunga. Ikapepesa.

"Fungua."

"Mwalimu, jua linazama!"

"Linazama kila siku. Fungua."

Ila msidhani alikuwa mtu wa karatasi tu. Yule yule aliyesoma maelekezo mpaka yakachanika ndiye aliyetia mawese kwenye pampu. Ndani kuna mipira ya duara inayozuia hewa isivuje, na ile mipira inataka grisi yake maalumu. Grisi ikaisha. Mwalimu alikuwa na dumu la mawese alilonunua Simbo, akasema mafuta ni mafuta. Akazipaka zote. Siku mbili zilikwenda vizuri kabisa, uwanja mzima unanukia maharage. Siku ya tatu asubuhi kukawa na baridi, mawese yakaganda, pampu zikawa nzito kama zimekula. Zilipopata joto, taa za macho zikakataa: bodi zinasema kidonge kipo, wakati hakuna kitu. Tukafungua. Sisimizi walikuwa wamejipanga mle ndani, wanatembea mbele ya macho kama wako kwenye foleni ya mashine ya kusaga.

"Mwalimu," Nestori akasema, "pampu zimepata wapangaji."

Mwalimu akawainamia. Akasema, "Angalau tumejua macho yanafanya kazi." Akakaa kutwa nzima anafuta kwa kipande cha pamba, na hakuruhusu mtu amsaidie.

Sasa nieleze lile jambo lenyewe, maana bila hilo huyu mtu angekuwa wa kuchekesha tu.

Zile bodi mpya sifa yake kubwa ilikuwa mwendo. Za zamani ukivuta triga inatoka moja. Hizi unaweza kuzipangia: unabonyeza kitufe kidogo huku unawasha, taa inabadilika rangi, kila rangi na mambo yake, unahesabu mibonyezo. Ukiipandisha mpaka juu, unashikilia triga na inamwaga. Bosi alikuwa amewaahidi wateja wa benki fulani, watu wa mikoani waliokuwa wanakuja semina, kwamba Jumamosi watapiga mashine zinazonyesha kama mvua.

Tulipomaliza ya kwanza, Bosi akasema, "Nimenunua mwendo. Nataka kuusikia."

Mwalimu akaipandisha mpaka juu kama karatasi ilivyosema. Bosi akaielekeza ziwani akavuta. Sauti ilitoka moja ndefu, mfululizo, ikagonga kilima ikarudi.

Nyuma ya ua wetu wa matete kuna njia. Ndiyo njia ya akina mama wanaotoka kununua dagaa Kibirizi. Nestori alikuwa wa kwanza kutoka mbio, kwa sababu alisikia sauti ya mama yake. Tulipofika, walikuwa wamelala. Wote. Kifudifudi mchangani, mabeseni yamepinduka, dagaa wametapakaa. Mama Nestori alikuwa amemlalia mtoto wa jirani, kamfunika mzima.

Bosi alikuwa bado ana pampu mkononi, akaificha nyuma ya mgongo kama mtoto aliyeiba sukari. Mwalimu akapita katikati yetu, akakaa chini mchangani na tai yake, akaanza kuokota dagaa, mmoja mmoja, anapuliza mchanga, anaweka kwenye beseni.

Mama Nestori akainuka. "Nilijua ni huku kwenu, Mwalimu," akasema. "Kichwa kilijua. Mwili haukukiuliza kichwa."

"Ndiyo, mama."

"Ni miaka mingi. Nilidhani umesahau, huu mwili."

"Nisamehe, mama. Mkono uliopandisha ni wangu."

Mwenyekiti wa mtaa alikuja jioni ile ile. Mwalimu akampa shikamoo yake, Mwenyekiti akaitikia bila kumtazama. Alimtazama Bosi.

"Jumamosi nitaleta kigoda changu nikae pale njiani, kutwa. Nikiona mama mmoja amelala chini, kufuli ninalo mfukoni. Hili hapa." Akalitoa tukaliona.

Alipoondoka Bosi akalipuka. Akifunga, tumekwisha. Wageni wakipewa kitu cha tik, tik, wanaondoka, hawarudi, na hapo pia tumekwisha. "Nifanye nini, Mwalimu? Niwaambie akina mama wazunguke mlimani na mabeseni kichwani?" Mimi nilikuwa nimekaa pembeni naiona Tabora kabisa, naona mpaka rangi ya ndoo nitakayopigia deki.

Kesho yake Mwalimu akamtuma Nestori akamwombe mama yake aje, kama hana shughuli, na aje na jirani zake. Wakaja watatu. Akawapa viti, chai na maandazi, akakaa mbele yao na pampu iliyofunguliwa mshikio, bao pembeni.

"Oya," Mama Nestori akasema, yaani hapana kwa Kirundi. "Mimi siigusi."

"Usiiguse. Utasikiliza tu. Ukisema basi, ni basi."

Akaielekeza ziwani akapiga moja.

"Ikoje?"

Wakatazamana. "Kama mtu anagonga mlango," mmoja akasema.

"Mgeni au mtu wa nyumbani?"

"Wa nyumbani."

Akazima, akabonyeza, akahesabu taa, akawasha. Akapiga.

"Hiyo ni mtu anatwanga," Mama Nestori akasema.

Akabonyeza tena. Akapiga.

"Hao ni wawili wanatwanga kinu kimoja." Akaanza kucheka. "Na mmoja ana hasira na mume wake."

Tukacheka sote. Mwalimu akapandisha tena. Akapiga. Mama Nestori akaacha kucheka, mkono ukatoka kwenye kikombe ukaenda pembeni, unapapasa.

"Hapo," akasema taratibu. "Hapo nimeanza kutafuta mtoto."

Mwalimu alizima kabla neno halijaisha. Akachomoa betri, akaiweka katikati ya kiganja cha yule mama, akamfunga vidole juu yake. Akamwachia akae nayo mpaka chai ikaisha. Halafu akaiomba, kwa mikono miwili, akaurudisha mwendo kwa wale wawili wanaotwanga. Zote akazipangia hapo hapo. Kwenye kila bodi kulikuwa na kiplagi kidogo, ukikitoa kitufe hakisikii tena. Akavitoa vyote akavitia mfuko wa shati.

Bosi alikuwa amesimama mlangoni. "Mwalimu, mteja hapa ni nani?"

"Wale wa benki wanaondoka saa kumi na moja, Bosi. Huyu anapita hapa Jumapili."

Kabla ya kuondoka Mama Nestori aliiangalia ile pampu, akaiangalia tena, akasema, "Hebu." Akapewa. Akapiga pipa, akalipata. Akapiga bango la Bosi, lile lenye picha ya Bosi mwenyewe, akalipata puani. Hiyo rangi haijawahi kutoka.

Jumamosi wakaja. Kulikuwa na kaka mmoja mwenye miwani mikubwa ya jua, mjuaji, akapiga mbili tatu akamfuata Mwalimu.

"Mzee, hizi si zinaenda zaidi ya hapa?"

"Zinaenda."

"Sasa?"

"Hapa zinaishia kutwanga."

"Kutwanga nini?"

"Muhogo."

Yule kaka akajaribu kitufe kwa siri nyuma ya matairi. Kikamgomea. Akaona bora acheze. Na nawaambia kweli, ulikuwa mchezo. Kwa kuwa rangi hainyeshi, mtu anathubutu kutoka alipojificha. Walikimbia, waliviziana, meneja wao aliingia ziwani na viatu. Wapo waliokuja kutazama tu wakaomba vinyago.

Huko nje Mwenyekiti alikuwa kwenye kigoda. Akina mama wakaanza kupita. Tulichungulia kwenye matete, mimi, Nestori na Bosi, tumebana pumzi. Mmoja alisita kidogo, akaendelea. Mama Nestori alikuja na beseni kichwani, alipofika usawa wetu akapaza sauti: "Leo mnatwanga nini huko, hamtualiki?" Wenzake wakacheka. Mwenyekiti naye akacheka, akasimama, akabeba kigoda chake. Kufuli lilikwenda nyumbani limekaa mfukoni kama lilivyokuja.

Wiki iliyofuata nilimsikia Bosi akiwaambia wageni kwamba huu mwendo ni ubunifu wake. Mwalimu alikuwa pale pale, anapanga skrubu. Hakuinua hata kichwa. Yeye mwenyewe, kwa miaka yote ile, hakucheza hata mara moja. "Mimi ni wa ndani ya pampu," alikuwa anasema. "Mbele yake kaeni nyinyi."

Bosi sasa amechoka, uwanja ninauendesha mimi. Mwalimu amestaafu, bado yuko Rusimbi, bado anaomba uhamisho. Bodi zetu zimekufa tena, nikaagiza nyingine, hizi mtu anazipangia kwenye simu. Nilizifunga mwenyewe, waya hazikubanwa. Wiki iliyopita nikampelekea pampu moja nyumbani kwake nikamwonyeshe. Ukweli nilitaka anisifu.

Alikuwa kibarazani, amepungua, masikio hayasikii tena vizuri. Ilibidi nimpe shikamoo mara mbili. Akaishika pampu, akaibana kifuani, akaniambia nivute triga ikiwa haina kitu ndani. Akafumba macho, anausikiliza mwendo kwa mbavu.

"Ni ule ule," nikamwambia kwa sauti. "Wa kutwanga. Sikugeuza chochote."

"Aliyesikiliza nani?"

"Mama Nestori, Mwalimu. Umesahau?"

"Mama Nestori anapita pale?"

"Hapana. Yuko Kasulu kwa binti yake, analea wajukuu."

"Sasa anapita nani?"

Mwaka huu watu wamevuka ziwa tena kukimbia vita, wengi, kwa maboti, wengine wakiwa na watoto mgongoni na hawana hata ndoo. Nimewaona mjini kama kila mtu alivyowaona. Lakini pale njiani nyuma ya matete, kusema kweli, nilikuwa sijatazama. Nilikuwa na haraka ya kufungua.

Mwalimu akanirudishia pampu. "Ziwa lenu hili," akasema, "hata kuvuka halina adabu, watu wanafika wamelowa."

Leo asubuhi nimekwenda mapema, sijafungua geti. Nimeweka viti njiani. Alipita mama mmoja kijana, ndoo kichwani, mtoto mgongoni, simjui. Nikamsalimu kwa Kirundi changu cha kuokota kwa Nestori, "Mwaramutse, mama," akasimama, anatazama ua, anatazama mikono yangu.

"Nafanya kazi hapa ndani," nikamwambia. "Kuna kitu kinalia. Nataka ukisikilize kabla sijafungua, uniambie kama nikiache au nikipunguze."

"Nikisema oya?"

"Nazima."

"Na wateja wako?"

"Watanisubiri."

Alinitazama kwa namna ya mtu aliyeshaahidiwa vitu vingi. Halafu akaitua ndoo, akamhamishia mtoto mapajani, akaketi.